Mikoko ya Gazi na Milima ya Shimba: Haja ya Shoroba za Kwale

Wahenga walisema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwahimiza watu washirikiane, lakini kwa maoni yetu inaihusu misitu pia. Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba juhudi za kuilinda mikoko ya Gazi, zijapokuwa za kupigiwa mfano, hazitadumu iwapo Kaunti ya Kwale haitayaunganisha maeneo yake asilia kwa mpango mmoja. Fauka ya hayo, tunashikilia kuwa mpango huo hautafaulu usipoandikwa kwa lugha ya watu wanaoishi baina ya maeneo hayo.

Tuanze na Gazi kwenyewe. Kijiji hiki, kilichokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui katika karne ya 19, leo kinasifika kwa mikoko yake. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mikoko hiyo ilikatwa ikawa kuni za viwandani, na ufuo ukabaki mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walianza kuipanda upya wakishirikiana na wanakijiji. Kuanzia mwaka 2013, wenyeji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wamekuwa wakipata fedha za biashara ya hewa ya kaboni kutokana na takriban hekta 117 za mikoko. Mapato hayo yamesaidia kuleta maji vijijini na kuzifaa shule. Wenzao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wamefuata nyayo hizo.

Hata hivyo, mkoko hauujui mpaka wa mradi. Ghuba ya Gazi hupokea maji ya mito Kidogoweni na Mkurumudzi, inayoteremka kutoka upande wa Milima ya Shimba. Maji yanayopita penye miti hufika pwani yakiwa na rutuba, ilhali yanayopita penye ardhi tupu hufika na tope. Yaliyotokea katika hori la Mwache, karibu na Mombasa, ni funzo la kutosha. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara, ukaifukia mizizi ya kupumulia ya mikoko, na mikoko mingi ikafa. Hapakuwa na mtu aliyeishika shoka. Kilichoiua mikoko kilitoka mbali na ufuo, mahali ambapo mlinzi wa ufuo hana mamlaka.

Tukipanda juu, tunakuta upungufu uo huo kwa sura nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, ndiyo makazi ya pekee ya palahala wa porini nchini Kenya. Lakini imezungukwa na mashamba na ua wa umeme, mithili ya kisiwa. Mwaka 2005 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lililazimika kuwahamisha ndovu wapatao 150 kutoka hapo hadi Tsavo Mashariki, kwa kuwa idadi yao ilikuwa imezidi uwezo wa hifadhi. Zamani ndovu waliohitaji nafasi walijiendea kwa miguu yao. Siku hizo walibebwa kwa malori. Makaya ya Mijikenda nayo, ambayo baadhi yake, ikiwemo Kaya Kinondo, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, yamesalia vipande vidogo vidogo. Kinondo yenyewe ina takriban hekta 30 tu. Huko Diani, mbega wamefungiwa ngazi za kamba juu ya barabara ili wavuke kutoka mti hadi mti bila kugongwa na magari. Ngazi zile ni ushahidi kwamba hata mnyama anayeishi mitini hufa njia yake inapokatwa.

Je, tufanye nini? Tunapendekeza kuwa bonde la Mkurumudzi lifanywe uti wa mgongo wa mpango wa kaunti. Kingo zake zipandwe miti ya kiasili kuanzia Shimba hadi Gazi, na makaya yaliyo karibu yaunganishwe nazo kwa vijisitu na mashamba ya miembe, mikorosho na minazi. Wakati wa kufanya hivyo ni huu. Machimbo ya titani ya eneo hilo, yaliyoanza kuzalisha mwaka 2013, yalifunga uchimbaji Desemba 2024, na mustakabali wa ardhi hiyo ni suala zito. Ardhi hiyo ikigawanywa kipande kwa kipande bila kuutazama mto, nafasi hii huenda isirudi.

Yupo atakayeuliza: watu waliokwisha kuhamishwa kupisha machimbo, sasa wahamishwe kupisha miti? Swali hili ni la haki, na jibu letu ni hapana. Mwaluganje inatufunza njia nyingine. Katika miaka ya 1990 wakulima wa huko waliunganisha mashamba yao yakawa hifadhi ya ndovu inayopakana na Shimba Hills, nao wakabaki kuwa wenye ardhi na wenye kugawana mapato. Mapato hayo hayakuwa makubwa kila mwaka, lakini msingi ulikuwa sahihi: njia ya mnyama ilipita shambani kwa idhini ya mwenye shamba.

Na idhini huombwa kwa lugha. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10, na Katiba ya mwaka 2010 inadai ushiriki wa wananchi, sambamba na kukitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Pamoja na hayo, nyaraka za mipango ya aina hii kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, kisha mwananchi huitwa mkutanoni kuziidhinisha. Atakubalije asichokisoma? Si kwamba Kiswahili kina upungufu wa maneno. Tuna neno ushoroba, ambalo wenzetu wa Tanzania wamelizoea katika habari za wanyamapori. Kuhusu mikoko ndiyo usiseme: Mswahili hutofautisha mkoko, mchu, mlilana, mkandaa, muia na mkomafi, wakati ambapo mgeni huona msitu mmoja tu.

Hapa ndipo sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tunapoguswa. Tumezoea kuunda istilahi na kuziacha katika majarida yetu. Tunaonelea kuwa vyama vyetu vijitolee kuitafsiri rasimu ya mpango wa ardhi wa Kwale kabla haijapelekwa barazani, na istilahi zake zipimwe kwanza kwa wavuvi na akina mama wa Gazi, pamoja na wazee wa kaya. Mkulima wa kando ya Mkurumudzi akiusoma mpango huo na kuuelewa, anaweza kuukubali, kuukataa au kuurekebisha. Asipouelewa, ataweka sahihi tu, kisha mvua zitakaponyesha udongo wa shamba lake utateremka hadi kwenye mikoko ya Gazi.