Yankees hawakumbania Soto

Wanaodai kuwa Yankees, timu ya besiboli ya New York, walimpoteza mpigaji Juan Soto kwa ubahili hawajatazama hesabu. Desemba 2024 majirani zao Mets walimpa dola milioni 765 kwa miaka 15. Yankees, kwa taarifa zilizotolewa wakati ule, walikuwa wameweka mezani dola milioni 760 kwa miaka 16. Huo ni ubahili gani? Mchezaji aliyemaliza mkataba ana hiari yake, naye alichagua Queens, nyumbani kwa Mets.

Siku hazikupita nyingi, mrushaji Max Fried akasaini na Yankees miaka 8 kwa dola milioni 218, na Cody Bellinger akaja kutoka Cubs. Msimu wa 2025 Fried alishinda michezo 19, akapoteza 5. Naam, Soto alivusha uzio mara 43, na kila aliyemshangilia kule Bronx, nyumbani kwa Yankees, ana haki ya kuumia. Hata mimi naumia. Lakini Mets walikosa mtoano, Yankees wakaingia na ushindi 94.

Mwenye hamu ya kulaumu aitazame upya inningi ya tano ya mchezo wa tano wa fainali za 2024, ambazo Yankees walipoteza: Aaron Judge akiangusha mpira mwepesi, Gerrit Cole akiacha kukimbilia kituo cha kwanza, pointi tano zikiyeyuka. Soto alikuwemo uwanjani akiwa bado Yankees, na bado walishindwa.