Udi Haufichi Sigara, Shoga Yangu



Leo siandiki mitindo ya mashela. Naandika harufu ninayoikuta kwenye mashela, na najua wapo watakaoninunia. Mimi ni fundi. Nimesoma skuli mpaka kidato cha nne, nikasomea ushonaji, na sasa huu mwaka wa kumi na mbili nashona na kukodisha magauni ya harusi hapa Unguja. Fundi anamkaribia mwanamke kuliko hata daktari. Nikimpima bega, pua yangu iko shingoni mwake. Kwa hiyo msiniambie kwamba wanawake wetu hawavuti. Wapo wa sigara, wapo wa shisha kule hoteli za ufukweni ambako hakuna jirani wa kuwaona, na siku hizi wapo wa zile sigara za umeme zenye ladha ya embe, wanaodhani kwa kuwa inanukia tunda basi haina madhara.

Sigombani na mvutaji. Aliyenasa kanasa, na nikotini haiachii mtu kwa kukemewa. Ninaogombana nao ni wale wanaomfundisha kuficha na kuiita kazi hiyo stara. Nimemsikia kwa masikio yangu somo mmoja akimwambia mwari wake: vuta kabla ya kuoga, sukutua, tafuna karafuu, jifukize udi, mume hatojua. Yaani badala ya kumfunza binti wa watu kuishi na mumewe, anamfunza kumkimbia ndani ya nyumba moja.

Stara ni ya kosa ulilolitenda, ukalijutia, ukaliacha. Hilo usimwambie mtu, libaki baina yako na Mola wako. Lakini kitu kilichomo kwenye mkoba wako sasa hivi, na kesho utakiwasha tena, na mwenzako atakivuta pamoja nawe bila kuulizwa, hicho si cha kusitiri. Sisi wafanyabiashara tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono kwenye rundo la chakula akakuta chini kumelowa, juu kukavu. Alimkemea muuzaji kwa kuficha ule unyevu. Basi na posa je? Mtu anatoa mahari, anaacha kwao, anakukabidhi umri wake, wewe unampangia makavu juu.

Na mimi nimeshiriki. Miaka minne nyuma alikuja bibi harusi kujaribu gauni, sitaji jina wala mtaa. Lilirudi kwangu siku mbili kabla ya nikahi likinuka moshi mpaka kwenye bitana. Kitambaa cha bitana kinakunywa moshi, usifikiri kukiangika kwenye upepo kunatosha. Akanishika mkono: "Dada, nifukizie." Nikawasha chetezo, nikalifukiza usiku kucha. Nilijiona mwema.

Baada ya ndoa akapata mimba. Mume, masikini, mtu wa watu, akamsindikiza kliniki siku ya kwanza. Muuguzi akauliza maswali yake yote, likiwemo la kuvuta. Angejibu nini, na mumewe kakaa pembeni? Akasema sivuti. Hapo ndipo pananiuma mpaka leo. Uongo uliofanywa kwa ajili ya mume ukaenda kuziba mdomo mbele ya mtu pekee ambaye angeweza kumsaidia. Akaendelea kuvuta chooni miezi yote. Mtoto akazaliwa hajafika kilo mbili na nusu. Siwezi kusema ni sigara tu iliyomdumaza, mimi si daktari. Lakini madaktari wanasema wazi kwamba kuvuta wakati wa mimba kunaongeza hatari ya mimba kutoka, mtoto kuzaliwa mdogo au kabla ya wakati, hata kuzaliwa amekufa. Yeye alinyimwa nafasi ya kuambiwa hayo uso kwa uso, na mmoja wa walioanza kumnyima ni mimi na chetezo changu.

Mume alikuja kuikuta pakti ndani ya kopo la unga wa mtoto. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na lipi jengine?" Tangu siku hiyo hamwamini hata akisema anakwenda kwa mama yake. Yule dada akanijia, anataka nimwambie mumewe kuwa ile harufu ya miaka yote ni ya dukani kwangu. Nikakataa. Mpaka leo hanisemeshi.

Nanyi mnaosema "natoka kibarazani, simvutii mtu", moshi unarudi nanyi. Unakaa kwenye nguo, kwenye pazia, kwenye godoro, na mtoto anatambaa juu yake kisha anatia mkono mdomoni. Udi haukiondoi kitu. Unaongeza moshi juu ya moshi. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuvuta, walikaa tu karibu na wavutaji. Na shisha, hiyo mnayoiita starehe ya kistaarabu, shirika hilohilo limeonya kuwa kikao kimoja kinaweza kumwingizia mtu moshi sawa na wa sigara 100 au zaidi. Yale maji yanaupoza moshi tu, hayauchuji. Kenya waliipiga marufuku mwaka 2017, hawakuwa wanaionea.

Bibi zetu walikula tambuu, na tumbaku ndani yake. Haikuwa salama, midomo na mafizi yao yalilipa. Lakini sahani ya tambuu ilikaa katikati ya mkeka na babu aliiona. Hakuna aliyemla mwenzake akili.

Sasa mabwana, msidhani nimewasahau. Kijana anavuta barazani tangu ana miaka kumi na sita, mtaa mzima unajua, halafu siku ya kuposa anakuja na pipi ya mnanaa mdomoni. Wazee wanauliza ukoo, kazi, swala. Hakuna anayeuliza kifua. Na ukimuuliza jirani, anajibu hataki kusengenya. Fatima binti Qays alipokwenda kwa Mtume kumtaka ushauri juu ya wanaume waliomposa, aliambiwa aibu zao bila kufichwa. Mtu akikuuliza kwa ajili ya ndoa, sema. Na wewe bibi harusi, uliza, tena kabla hujaniletea kitambaa.

Wapo watakaoniambia hawawezi kuacha. Mwezi wa Ramadhani unafunga kama saa 13 bila ya pumzi moja ya sigara, mwaka baada ya mwaka. Najua magharibi ikiingia wengine wanaanza na kibiriti kabla ya tende. Lakini hizo saa 13 umeziweza. Nenda kwa daktari umwambie kweli, siku za mwanzo ni ngumu na si aibu kusaidiwa.

Mwezi uliopita bibi harusi mmoja alimwambia mchumba wake mwenyewe, kabla ya nikahi. Yule bwana alinyamaza siku mbili, kisha akamwambia wasogeze tarehe, aache kwanza. Juzi alikuja dukani kujaribu gauni, wiki ya sita hajavuta. Amenenepa kidogo, ndivyo inavyowatokea wengi wanaoacha. Nimefungua mishono ya kiunoni, nimempa inchi moja na nusu. Sikumtoza.