Staa wa Segese, Kopo la Marekani na Paka Aliyepewa Panadol

Jina kapuni, ila wanzengo wa Segese wanamjua. Ni yule dada wa video fupi, gauni jipya kila Jumamosi, na paka mweupe ambaye naye ana mashabiki wake. Majuzi homa ilimbana. Akaposti meza yake: kopo la Tylenol alilotumiwa na shangazi yake aliyeko Marekani, pembeni pakiti ya Panadol ya duka la dawa la jirani. Akaandika, "Ya mbele inatibu, ya Bongo inasindikiza." Laiki kama mvua.

Sasa bana, zile ni dawa moja! Wamarekani wanaiita acetaminophen, huku na Uingereza inaitwa paracetamol. Panadol ya kawaida ina miligramu 500 kwa kidonge, na lile kopo lake limeandikwa 500 hivyo hivyo. Mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8. Yeye alipiga viwili vya huku na viwili vya kule, kila baada ya saa sita. Hiyo ni 16 kwa siku. Na ini likianza kuharibika halipigi kelele, siku ya kwanza mtu anaweza kuona yuko freshi tu. Bahati yake nesi mmoja anayemfuatilia alimfuata inbox akamwambia wahi hospitali Kahama. Akapona.

Paka hakuwa na nesi. Alionekana mnyonge, dada akamsagia nusu kidonge kwenye maziwa. Alfajiri fizi zimekuwa za kahawia, uso umevimba, anahema kwa shida. Mwili wa paka hauwezi kuivunja paracetamol kama wa binadamu, kwa hiyo hakuna kipimo kidogo kilicho salama kwake. Alikufa kabla mtaalamu wa mifugo hajafika.

Watu wamemcheka, na hapo ndipo wanapokosea. Nani mtaani anasoma yale maandishi madogo chini ya jina kubwa? Watu wanaomba dawa kwa rangi: "nipe zile za njano." Kuna mchimba anayebanwa na pumu kwa vumbi la kwenye makarasha, lakini pampu ya salbutamol ya famasi haitaki, anasubiri albuterol ya ndugu yake aliye nje. Ni kitu kile kile, jina tu ndilo limevuka bahari.

Lawama ya dada ni nyingine. Kaposti picha ya paka na mshumaa, maneno ya kuliza, lakini kuhusu dawa kimya. Video ya kopo na pakiti bado ipo pale pale kwenye ukurasa wake. Jana usiku kuna mtu kauliza chini yake hiyo Tylenol kwa Segese inapatikana duka gani, na mpaka asubuhi alikuwa amejibiwa na watu wanne, wote wakimpa bei.