Kobalti haijiuzi yenyewe: funzo la bei ya gari la Xiaomi

Katika maduka ya simu ya Goma, Bukavu, Kisangani ao Lubumbashi, jina la Xiaomi si geni. Ni kampuni ya simu za Redmi: skrini kubwa, batri inayokaa, bei ambayo mwalimu ao mwendesha pikipiki anaweza kujikaza akaipata. Kwa hiyo Mkongomani anayeambiwa kwamba kampuni hiyo hiyo sasa inauza gari la kifahari, linalofika mwendo wa kilometa 100 kwa saa ndani ya sekunde zisizotimia tatu, anaweza kudhani ni utani.

Si utani. Na namna gari hilo lilivyopangiwa bei ni jambo ambalo wakubwa wa Kinshasa, Kolwezi na Lubumbashi wangepaswa kulisoma kwa makini, kwa sababu ndani ya hesabu hiyo mna nafasi ya Congo, tena nafasi ndogo sana.

Mwezi wa tatu 2021, Lei Jun, mwanzilishi wa Xiaomi, alitangaza kwamba kampuni yake itaingia katika kazi ya magari na kuwekeza dola bilioni 10 kwa muda wa miaka kumi. Mwisho wa mwaka wa 2023 alionyesha gari lenyewe, SU7, akasema wazi kwamba anataka liwe gari la ndoto la kulinganishwa na Porsche na Tesla. Tarehe 28 mwezi wa tatu 2024 akataja bei. Ndani ya dakika 27, oda zilipita 50,000. Mwaka huo haukuisha bila kampuni kukabidhi magari zaidi ya 135,000. Kwa kampuni ambayo haikuwahi kutengeneza hata gari moja, ni jambo kubwa.

Bei iliyopimwa kwa rula

Wengi watasema siri ni bei ya chini ya Wachina. Hapana. Inchini China kuna magari ya umeme yanayouzwa chini ya yuan 100,000. SU7 ya kwanza ilianza kwa yuan 215,900, karibu dola 30,000. Hiyo si bei ya mtu masikini, wala si bei ya kubahatisha.

Wakati huo Tesla Model 3 ilikuwa inauzwa China kwa yuan 245,900. Xiaomi iliweka gari lake la kwanza yuan 30,000 kamili chini ya hapo. Gari la pili, SU7 Pro, likawekwa yuan 245,900, bei ileile ya Tesla bila kuongeza wala kupunguza. La tatu, SU7 Max, likapanda hadi 299,900, karibu dola 41,500. Kwa maneno mengine, mteja aliyekwenda kununua Tesla alikutana na mlango chini yake, mlango sawa na wake na mlango juu yake, yote mitatu ya Xiaomi.

Tena umbo la gari hilo linawakumbusha watu Porsche Taycan, gari ambalo China linauzwa takriban yuan 900,000. Mnunuzi wa mshahara wa kati analipa robo ya bei hiyo na anapita barabarani majirani wakigeuza shingo. Hapo ndipo kampuni ilipochagua kukaa: juu ya magari ya kawaida, chini kidogo ya jina kubwa la Tesla, na kwa sura karibu na jina kubwa zaidi.

Kisha likaja SU7 Ultra, lenye nguvu ya farasi zaidi ya 1,500. Mwaka wa 2024 bei yake ya awali ilitajwa yuan 814,900. Mwezi wa pili 2025, siku ya kuliuza rasmi, ikashushwa hadi 529,900. Gari la namna hii halitengenezwi ili linunuliwe na watu wengi. Linatengenezwa ili yule aliyenunua lile la 215,900 ajisikie kwamba ni wa ukoo mmoja na yule mwenye Ultra.

Nafasi hiyo haikupatikana bure. Lei Jun mwenyewe alikubali siku ya kwanza kwamba kwa bei ya kuanzia kampuni inauza kwa hasara. Mwaka wa 2024, idara ya magari ya umeme na kazi nyingine mpya za Xiaomi ilipoteza yuan bilioni 6.2. Faida ya kwanza, yuan milioni 700, ilionekana katika robo ya tatu ya 2025. Kampuni ililipia kiti chake mezani, ikangoja, halafu ikaanza kula.

Ukipanda bei, unapandisha na deni la imani

Lakini anayejiita wa daraja la juu anahukumiwa kwa sheria za daraja la juu. Wanunuzi wa Ultra waliuziwa, kwa yuan 42,000 za ziada, kapo la nyuzi za kaboni, yaani kifuniko cha mbele cha gari, lenye matundu yaliyotangazwa kuwa yanasaidia kupitisha hewa. Wengine walilifungua na kulalamika kwamba matundu yale ni pambo tu. Mwezi wa tano 2025 kampuni iliomba radhi kwamba maelezo yake hayakuwa wazi.

Kabla ya hapo, mwezi wa tatu 2025, vijana watatu walikufa katika ajali ya SU7 kwenye barabara kuu ya jimbo la Anhui, gari likiwa limekuwa katika hali ya kujisaidia kuendesha muda mfupi kabla ya kugonga. Mwezi wa tisa, magari zaidi ya 116,000 yaliitwa ili programu hiyo irekebishwe. Simu ya bei nafuu ikiharibika, mwenyewe analalamika kisha anasamehe. Gari la kifahari halisamehewi. Jina jipya hupanda haraka, na hushuka haraka vilevile.

Mahali Congo ilipo ndani ya gari

Sasa Mkongomani afungue sakafu ya gari hilo aangalie batri.

SU7 ya kwanza, ile ya bei ya chini, ina batri ya lithiamu, chuma na fosfati. Ndani yake hamna kobalti hata gramu moja. SU7 Pro, vivyo hivyo. Kobalti inaonekana tu katika Max na Ultra, ambazo batri zake zinatumia nikeli, kobalti na manganizi, zikitengenezwa na kampuni ya CATL.

Jambo hilo halipaswi kupita bila kuonwa. Katika ngazi ya bei ya gari hili, udongo wa Lualaba unaanza kuhesabiwa pale mteja anapolipa yuan karibu 300,000. Chini ya hapo, mtengenezaji amejifunza kuishi bila Congo. Na si Xiaomi peke yake: mwaka wa 2024, karibu robo tatu ya batri za magari ya umeme yaliyouzwa China zilikuwa za aina isiyo na kobalti.

Kwa muda mrefu Wakongomani wamekuwa wakiambiwa kwamba dunia haiwezi kutembea bila kobalti yao, kwa kuwa inchi inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia. Sehemu ya pili ya maneno hayo ni kweli. Sehemu ya kwanza inazidi kupungua kila mwaka. Kobalti imekuwa mali ya magari ya daraja la juu, lakini Congo bado inaiuza kama mihogo ya msimu wa mavuno: kwa wingi, kwa haraka, na kwa bei ya mnunuzi.

Hesabu ndogo inatosha. Mtu akikadiria kwamba batri kubwa ya gari la namna hii ina kilo kumi za kobalti, basi mwanzoni mwa 2025, bei iliposhuka hadi karibu dola 20,000 kwa tani, kobalti yote ya gari ilikuwa na thamani ya dola kama 200. Gari lenyewe ni dola 41,500. Kapo lile la kaboni lililoleta ugomvi ni karibu dola 5,800. Pambo la mbele la Ultra lilikuwa na bei kuliko kobalti ya magari ishirini na zaidi.

Kufunga mlango ni mwanzo tu

Serkali ya Congo iliona hatari hiyo. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025 ilisimamisha uuzaji wa kobalti inje ya inchi. Tarehe 16 mwezi wa kumi ikaweka mfumo wa mgao: tani 96,600 kwa mwaka wa 2026, na tani hizohizo kwa mwaka wa 2027. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili, ikapita dola 40,000 kwa tani kabla ya mwaka kuisha.

Uamuzi huo ulikuwa sawa. Kwa mara ya kwanza katika biashara hii, mwenye mali alitaja bei badala ya kuisikia redioni. Wanaolaumu kwamba Congo inaharibu soko wasahau kidogo. Soko lililokuwa linamlipa mchimbaji wa Kolwezi pesa ya kununua unga wa siku moja lilikuwa limekwisha kuharibika.

Lakini bei ya Xiaomi inaonya. Kila kobalti inapopanda, mtengenezaji ana sababu mpya ya kuhamisha gari la katikati kwenye batri ya chuma na fosfati, na kuiachia kobalti ngazi ya juu kabisa peke yake. Indonesia nayo, mtoaji wa pili duniani, inangoja mlangoni. Mgao bila kazi nyingine nyuma yake ni kama kufunga duka ili wateja wapange foleni, kumbe ng'ambo ya barabara kuna duka lingine lililo wazi.

Kazi yenyewe inajulikana. Kobalti ya Congo inatoka kwa sehemu kubwa ikiwa hidroksidi, unga unaopakiwa kwenye malori na kuvuka Kasumbalesa kwenda bandarini. Unga hauna jina. Ukifika China unachanganywa, na hakuna mteja wa SU7 Max anayejua kama umetoka Fungurume ao mahali pengine. CATL, inayoiuzia Xiaomi batri, inamiliki takriban robo ya CMOC, kampuni inayochimba Tenke Fungurume na Kisanfu. Kwa hiyo tangu shimo hadi gari, kila ngazi ina mwenyewe anayejua analipata wapi na analiuza kwa nani. Congo tu ndiyo inayoshuka garini kwenye kituo cha kwanza.

Mwaka wa 2021, utafiti wa BloombergNEF ulionyesha kwamba kiwanda cha tani 10,000 cha vitu vya kutengenezea batri kinaweza kujengwa Congo kwa dola milioni 39, karibu theluthi moja ya gharama ya Marekani. Mwaka wa 2022 Congo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza batri pamoja, na Lubumbashi ikapata kituo cha mafunzo na utafiti wa batri. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni umeme wa kutosha, barabara, na kiongozi wa kuulizwa kila miezi sita: kazi imefika wapi?

Kuna na jambo la imani. Kama kobalti sasa inaishi katika magari ya bei ya juu, basi mteja wake ni mtu wa kuuliza maswali: nani aliichimba, mtoto alikuwemo shimoni, pesa ilikwenda wapi? Kampuni ya serkali EGC iliundwa mwaka wa 2019 ili kununua na kusafisha kobalti ya wachimbaji wadogo. Ikifanya kazi yake kwa kweli, kobalti yenye cheti cha mahali ilipotoka inaweza kudai bei yake, na mchimbaji akapata sehemu. Isipofanya, Congo itadai bei ya daraja la juu kwa mali isiyo na uso, na itajibiwa kama walivyojibiwa wauzaji wa kapo lenye matundu ya pambo.

Wapo watakaosema Congo haiwezi kutengeneza magari. Hakuna aliyeomba hivyo. Xiaomi yenyewe ilianzishwa 2010, ikauza simu karibu miaka kumi kabla ya kutaja gari. Ilijenga jina kwanza, kisha wateja, kisha kiwanda, ndipo ikasimama jukwaani na kutaja bei kwa sauti.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwa kobalti methali hiyo imekwisha kuwagharimu Wakongomani pesa nyingi. Mgao umepangwa hadi mwisho wa 2027. Hiyo ndiyo miaka ambayo inchi imejinunulia kwa kufunga mlango. Siku muda huo utakapoisha, malori yatavuka tena Kasumbalesa. Mkaaji wa Kolwezi ana haki ya kujua tangu leo kama yatakuwa yamebeba unga uleule.