Arusi chini ya nsaka

Huko Ulaya na Marekani umezuka mtindo wa arusi ambao ungewachekesha wazee wetu. Vijana wa mijini wakitaka kuoana huyaacha mahoteli na kumbi zao, huenda shambani kupanga ghala kuukuu, lile ambalo mkulima alikuwa akiwekea nyasi za ng'ombe na nafaka. Hulifagia, hutundika taa kwenye boriti, hupanga meza za mbao tupu, huwaalika ndugu na rafiki wanaowajua kwa majina, nao hula na kucheza pasipo makuu. Tena ghala hilo hukodiwa kwa fedha nyingi. Yaani watu hulipa ghali ili waonekane kama hawakulipa!

Nasi kando ya ziwa Mweru tunalo la kwetu, wala halikodiwi. Ni nani huku Kilwa asiyeijua nsaka? Ni paa la nyasi juu ya nguzo, pasipo kuta, mahali pa kula, pa kuamua mashauri, pa kumpokea mgeni aliyechoka kwa njia. Mtoto hupita, kuku hupita, mzee hukaa. Nawauliza basi: kwa nini vijana wetu waone haya kufanya karamu ya arusi yao mahali ambapo babu zao walipokea wageni wote wa maana?

Swali hili si la mzaha, kwani liko jambo zito nyuma yake. Kila parokia inawajua mume na mke ambao mahari ilitolewa zamani, watoto wamezaliwa na wameanza shule, lakini kanisani hawajafika. Jumapili wao hubaki wamekaa wakati wenzao wanakwenda kupokea Ekaristi. Ukiwauliza, hawasemi kwamba hawaitaki sakramenti. Husema, "Tunangoja kujipanga." Kujipanga ndiko kupata ukumbi, gari lenye maua, keki ya ghorofa, kadi za mwaliko, vitambaa vya sare kwa jamaa nzima. Mtindo huo umetoka Lubumbashi ukaja mpaka kwetu kwa barabara ya kilomita 350 hivi, ukifika na vumbi lake. Huko mjini, kukaa pamoja bila ndoa wamekupa jina kwa Kilingala, yaka tofanda, maana yake "njoo tukae". Wengine hukaa hivyo kwa uzembe, ni kweli. Lakini wengi hukaa hivyo kwa kuogopa aibu ya arusi ndogo, nao ndio ninaowaandikia leo.

Baba Mtakatifu Fransisko aliliona jambo hilo. Katika waraka wake juu ya upendo katika jamaa, Amoris laetitia, uliotolewa mwaka 2016, namba 212, alisema kwamba wachumba hujichosha kwa mambo ya nguo, mialiko na karamu hata wakafika siku yenyewe wamechoka, wala hawakujiandaa kwa ndoa. Alitaja pia kwamba wapo wanaokaa bila kufunga ndoa kwa sababu ya gharama ya sherehe. Akawasihi wasione haya kuwa tofauti na wengine, wachague sherehe ya kiasi ambamo upendo ndio wa kwanza.

Basi Kanisa linadai nini? Hata karne ya kumi na sita, mume na mke walioahidiana kwa faragha walihesabiwa kuwa wameoana, na fujo nyingi zilitokea, kwani mtu aliweza kukana ahadi yake. Ndipo Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ukaamuru kwamba ndoa ifungwe mbele ya padre wa parokia na mashahidi wawili au watatu. Sheria ya Kanisa ya 1983 yashika mambo hayo hayo: ridhaa ya wawili wenyewe, mhudumu wa Kanisa, mashahidi wawili, na kwa kawaida kanisa la parokia ndipo mahali pake. Soma tena orodha hiyo. Ukumbi haumo. Keki haimo. Gari halimo.

Hata mahari, ambayo sheria ya nchi yetu yadai itolewe, angalau sehemu yake, kabla ya ndoa, Sheria ya Jamaa ilivyorekebishwa mwaka 2016 yasema inaweza kuwa ya alama tu. Wazazi, msiupite mstari huu upesi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi sakramenti ihamishiwe nsakani. Misa ni kanisani, na palipo na kikanisa cha nyasi kijijini, hicho ni kanisa kweli kweli. Ninasema juu ya yale yanayofuata, watu wanapotoka mlangoni wakiimba. Wala simhukumu mwenye mali anayetaka kulisha watu mia tano. Alishe, mradi asikope. Tena najua kwamba Lubumbashi viwanja ni vidogo, na mtu aliyepanga vyumba viwili hana pa kuweka hata viti kumi. Huyo aombe ua wa parokia, au ua wa jirani katika shirika lake.

Yohane, sura ya pili, atusimulia arusi ya Kana. Majina ya bwana na bibi arusi hatuambiwi. Twaambiwa kwamba divai iliwaishia, maana yake hata katika arusi ile aliyokuja Bwana mwenyewe bajeti haikutosha. Mama Maria aliona mapema, wala hakupanda juu ya kiti kutangaza. Alimwambia Mwanawe, akawaambia watumishi, na mitungi sita ya mawe ikajazwa maji. Aibu ya jamaa ile ilizuiwa kimya kimya, jikoni. Ndiyo maana naichukia desturi ya kusoma kwa sauti kuu majina ya watoa mchango na kiasi cha kila mmoja, hata mjane aliyeleta kibakuli cha unga atamani ardhi immeze. Mchango wa vitu na upokelewe mlangoni na mama mmoja mwenye akili, kisha uende jikoni.

Sasa tufike kwenye kazi. Tuseme kijana ni mvuvi, na mchumba wake ni binti wa mkulima. Kwanza wachague mwezi. Tangu Mei hadi Septemba mvua haipo, barabara yapitika, mihogo yakauka vizuri, na nyasi za kuezekea zapatikana. Lakini katikati ya majira hayo upepo wa kusini-mashariki huvuma sana ziwani. Upande huo wa nsaka uzibwe kwa mikeka, la sivyo moshi na vumbi vitakula pamoja na wageni. Desemba hadi Februari ni mvua, na upande wa Zambia sheria hufunga uvuvi miezi hiyo. Wakati wa Kwaresima yafaa kuzungumza na padre kwanza, kwani furaha hupunguzwa. Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu ndoa hazifungwi kabisa.

Chakula ni kile ambacho mama zetu hukijua kwa mikono yao: bukari, samaki pale, chisense, sombe, kuku wa nyumbani. Kati ya Wabemba jamaa ya bibi arusi humpikia mkwe vyakula vingi na kumwonyesha atakavyolishwa kwao. Desturi hiyo huitwa icilanga mulilo, yaani kuonyesha moto. Kitu kama hicho hakuna mpishi wa kukodiwa awezaye kukileta. Kinywaji kiwe munkoyo. Lutuku isiingie, hata kama mjomba fulani ataikasirikia arusi nzima. Tumeona sherehe iliyoanza kwa wimbo wa Maria ikaisha kwa viti kuvunjwa.

Wasimamizi wasichaguliwe kwa sababu wana gari. Chagueni mume na mke ambao ndoa yao imepita njaa na msiba nao wangali wanacheka pamoja, kwa maana miaka mitatu baadaye mtahitaji mlango wa kubisha hodi usiku. Kama bibi arusi aliimba kwaya, kwaya yake iimbe. Si lazima mashine ipige ngoma mpaka wazee wakimbie. Mpeni babu au bibi nafasi ya kusimulia jinsi alivyooa au kuolewa. Kanzu ya bibi arusi yaweza kushonwa kwa kitenge kizuri ambacho atakivaa tena Pasaka, na tena ubatizo wa mtoto.

Wakati wa kumaliza utajwe tangu mwanzo, kabla ya giza, ili wasichana na watoto warudi makwao kwa usalama. Viti vya kanisa vihesabiwe vikienda na vikirudi. Na kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu ng'ambo ya ziwa, Nchelenge na visiwani, tukumbuke kwamba mpaka wa nchi wapita majini: waambiwe mapema wachukue karatasi zao, waje siku moja kabla, na usiku huo wapewe mahali pa kulala, maana upepo wa ziwa haujali saa ya Misa.