SADAKA HAIONDOI WAJIBU

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii ilithibitika huko Marekani, katika milima ya magharibi ya jimbo la North Carolina, iliyopigwa na kimbunga Helene tarehe 27 Septemba, 2024.

Wengi hudhani kwamba kimbunga ni msiba wa watu wa pwani. Helene kiliingia nchi kavu huko Florida usiku wa tarehe 26, kikafika milimani na mvua kubwa juu ya ardhi iliyokwisha kulowa. Mito ilifurika, vilima vikaporomoka, barabara na madaraja yakachukuliwa. Katika jimbo hilo peke yake walikufa watu zaidi ya 100. Mji wa Asheville ulikaa siku 53 bila ya maji ya bomba yafaayo kunywewa.

Ni nani waliofika mapema? Ni majirani na watu wa makanisa. Wabaptisti waliwasha majiko wakawapikia wenye njaa. Samaritan's Purse, chama cha Kikristo chenye makao yake Boone, milimani humo humo, kilipeleka vifaa kwa helikopta. Pasipopitika gari, mizigo ilibebwa na nyumbu. Waamishi waliacha mashamba yao Pennsylvania, wakaja na nyundo kuwajengea vijumba waliokuwa wakilala mahemani. Kazi hiyo yastahili heshima ya kila mfanya kazi, maana ilikuwa jasho, si maneno. Tena mzee wa kanisa ajua ni ajuza gani akaaye mwisho wa njia. Karani wa mjini hajui.

Walakini, hapana budi kusema kweli. Jimbo lilikisia hasara kuwa karibu dola bilioni 60. Hizo si fedha za kapu la sadaka. Wenyeji wengi hawakuwa na bima ya mafuriko. Mwenye kujitolea aweza kuzoa matope nyumbani. Hawezi kujenga upya barabara kuu, wala kumrudishia kibarua mshahara uliopotea. Tena huruma huchoka, na haki haichoki.

Basi kiongozi ye yote awasifuye wenye kujitolea huku akifunga mlango wa hazina, huyo hasifu, bali akwepa. Kanisa na litangulie, lakini Serikali isibaki nyuma. Mkono mmoja haulei mwana.