Mashine Isome, Mwanadamu Aamue



Serikali nyingi ni hodari wa kutunga kanuni, bali ni wavivu wa kuzifuta. Ukurasa huongezwa juu ya ukurasa, hata ifike siku ambapo hakuna mtu hata mmoja aliyezisoma zote. Na kanuni iliyosahauliwa haikufa; imelala tu, na siku ikiamshwa humwangukia mnyonge asiye na wakili.

Tutazame mji wa San Francisco huko Marekani. Sheria zake zimejaa maagizo ya kuzitaka idara ziandike taarifa za mara kwa mara. Mwanasheria wa mji huo, David Chiu, alitaka kujua maagizo hayo ni mangapi. Kuzipekua sheria zote kwa macho kungechukua muda mrefu mno. Basi ikatumika programu ya kompyuta iliyotengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, nayo ikayaokota maagizo takriban 500. Mojawapo lilidai taarifa juu ya vibanda vya magazeti ambavyo havipo tena barabarani! Mwaka 2025 Chiu akapendekeza mengi yafutwe au yaunganishwe.

Je, maana yake ni kwamba sasa kompyuta itutungie sheria? La hasha! Mwaka 2023 mahakama mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000, kwa kuwa walitegemea hukumu ambazo hazikupata kutolewa na hakimu yeyote. Zilibuniwa na programu ya ChatGPT, nao hawakuzihakiki.

Mashine yaweza kutuonyesha kwamba kanuni ni kuukuu. Haiwezi kutuambia ni nani anayesitirika chini yake. Taarifa inayoonekana kuwa mzigo kwa karani huenda ndiyo taa pekee ya raia anayetaka kujua kodi yake imekwenda wapi. Anayeizima taa hiyo kwa jina la wepesi wa kazi amedhulumu, ingawa kompyuta ndiyo iliyomshauri.

Kwa hiyo serikali yoyote itakayoifuata njia hii, na ni njia njema, ishike masharti mawili: orodha ya kanuni zinazokusudiwa kufutwa itangazwe kwanza ili wananchi waseme; na kila ifutwayo ijulikane ni nani aliyeamua. Maana uongozi ni amana, na mashine haiulizwi juu ya amana. Huulizwa mwanadamu.